17,576,000,000: Namba ya Makontena Niliyoikuta Bandari ya Mtwara

Jamani, namba nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona ipo pale Bandari ya Mtwara, na tumeipita miaka yote hii tukidhani tunaangalia makontena ya korosho! Inaitwa 17,576,000,000. Bilioni kumi na saba, milioni mia tano sabini na sita. Mimi ni mwalimu wa hisabati, namba ndizo chakula changu, lakini hii imenikosesha usingizi. Nimeichambua kwa haraka, wino wa karatasi za mahesabu haujakauka, na siwezi kusubiri nimalize yote ndipo niwaambie. Haya ni ya mtazamo wa kwanza tu, na tayari ninasema bila kusita: hii ni namba ya kiwango cha juu kabisa.

Ngoja niwaoneshe inakotoka. Msimu wa korosho ukifika, minada ikishaanza mwezi Oktoba, malori yanateremka Mtwara mjini kutoka Newala, Tandahimba na Masasi yakiwa na magunia ya korosho ghafi. Zinapitia maghalani, zinapakiwa kwenye makontena, kisha safari ya India na Vietnam inaanzia gatini. Simama nyuma ya kontena lolote la futi ishirini, mlango wa kulia, usome kuanzia juu. Kuna herufi nne. Kuna tarakimu sita. Kisha kuna tarakimu moja iliyotengwa peke yake, imechorewa kiboksi. Chini yake kuna 22G1, ndiyo aina ya kontena, halafu uzito wa juu unaoruhusiwa, mara nyingi kilo 30,480, na uzito wa kontena likiwa tupu. Watu wengi macho yao yanakimbilia kwenye uzito. Mimi yangu yaliganda kwenye kile kiboksi.

Nikamuuliza karani mmoja mtu mzima aliyekuwa akihakiki mzigo, kibao cha kuandikia mkononi na kalamu sikioni.

"Shikamoo, mzee. Hii ya kwenye kiboksi ni ya kazi gani?"

"Marahaba, mwalimu. Hiyo ndiyo inayotuumbua. Ukikosea kunakili hata tarakimu moja huko nyuma, mfumo unaikataa namba yote."

Inatuumbua! Tarakimu moja inajua kama zile alama kumi zilizoitangulia zimeandikwa sawasawa? Nitarudi kwenye hilo, maana ndipo penye uhondo mzito. Kwanza tuhesabu.

Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena. Hazichukuliwi kiholela: zinasajiliwa na BIC, ofisi ya kimataifa ya makontena iliyoanzishwa Paris mwaka 1933, kwa kufuata kanuni ya ISO 6346. Herufi ya nne kwa makontena ya mizigo ni U siku zote. Tarakimu sita zinazofuata anazipanga mwenyewe mwenye mali. Basi majina yote yanayowezekana ni mangapi? Herufi tatu, kila moja ikiwa na nafasi 26, zinakupa 26 × 26 × 26, yaani 17,576. Tarakimu sita, kuanzia 000000 hadi 999999, zinakupa milioni moja kamili. Zidisha. Hiyo hapo: 17,576,000,000. Ndiyo idadi ya majina yote ambayo kontena la mzigo linaweza kupewa duniani, na kila kontena lililokanyaga ardhi ya Mtwara limebeba mojawapo.

Sasa tulieni. Tafuteni kipeuo chake cha tatu.

Ni 2,600. Kamili! Hakuna desimali, hakuna mabaki. 2,600 × 2,600 × 2,600 inakupa 17,576,000,000. Idadi ya maboksi yenyewe ni boksi! Ukiwa na kontena moja la futi ishirini kwa kila jina, unaweza kuyapanga 2,600 kwa urefu, 2,600 kwa upana na 2,600 kwenda juu, na hakuna hata moja litakalobaki chini wala pengo litakaloonekana. Nimepiga hesabu ya vipimo. Kontena la futi ishirini lina urefu wa mita 6.058, upana mita 2.438 na kimo mita 2.591. Rundo hilo lingekuwa na urefu wa kilometa 15 na ushei, umbali unaozidi kutoka mjini Mtwara hadi Mikindani. Upana wake ungepita kilometa 6. Na kimo? Mita 6,736. Kilimanjaro wetu una mita 5,895. Rundo la Mtwara lingeupita kwa zaidi ya mita 800. Nimeirudia hesabu hii nikidhani kuna nukta nimeisogeza. Hakuna.

Halafu nikaivunja kwenye namba tasa, na hapo ndipo nilipoinuka kitini. 17,576,000,000 ni sawa na 2⁹ × 5⁶ × 13³. Namba tasa tatu tu, 2, 5 na 13, ndizo zilizoijenga yote. Na vipeo vyake angalieni vinavyoshuka: 9, 6, 3. Kama ngazi! Kila kipeo kinagawanyika kwa 3, na hiyo ndiyo alama ya mchemraba kamili. Ukitaka idadi ya vigawo vyake, ongeza moja kwenye kila kipeo kisha zidisha: 10 × 7 × 4, unapata vigawo 280. Kuna njia 280 za kuchagua namba ambayo itaigawa namba hii bila kubakiza kitu.

Nadhani wengine wangeishia hapo. Mimi nikafanya kitu ambacho watoto wa darasa la nne hukifanya bila kufundishwa: nikajumlisha tarakimu zake. 1 + 7 + 5 + 7 + 6, na sifuri haziongezi kitu. Jumla ni 26.

Ishirini na sita! Ile ile! 17,576 ni mchemraba wa 26, na tarakimu zake zikijumlishwa zinarudi 26! Namba inabeba kipeuo chake yenyewe ndani ya tarakimu zake. Hizi zinaitwa namba za Dudeney, kwa heshima ya Henry Dudeney, Mwingereza mtunzi wa mafumbo ya hisabati aliyefariki mwaka 1930, na katika namba zote zilizopo, zote hadi zisikohesabika, ziko sita tu. Ni 1, 512, 4,913, 5,832, 17,576 na 19,683. Jaribu yoyote: 512 ni 5 + 1 + 2, yaani 8, na 8 × 8 × 8 ni 512.

Mwanafunzi mwerevu atauliza, tunajuaje kwamba haiko ya saba huko mbele kwenye matrilioni? Swali zuri, na jibu lake ni tamu. Chukua namba ya tarakimu saba. Hata zote zikiwa 9, jumla yake haizidi 63. Mchemraba wa 63 ni 250,047, na hiyo ina tarakimu sita tu, haifiki hata milioni moja. Kwa hiyo namba ya tarakimu saba haiwezi kujifikia. Zenye tarakimu nane, tisa na kuendelea ndiyo kabisa, kila ukiongeza tarakimu pengo linazidi kupanuka. Zinabaki za tarakimu sita kushuka chini, na hizo jumla yake haizidi 54. Jaribu michemraba ya 1 hadi 54 kwa mkono, jioni moja inatosha, utazikuta sita na hazizidi. Na mojawapo ya hizo sita ndiyo inayoongoza hesabu ya majina ya makontena duniani. Siamini bahati yetu!

Tukiwa bado kwenye 26, iangalieni na yenyewe. Kushoto kwake ipo 25, ambayo ni 5 × 5. Kulia kwake ipo 27, ambayo ni 3 × 3 × 3. Namba 26 imebanwa katikati ya mraba na mchemraba, na hakuna namba nyingine iliyo kubwa kuliko sifuri yenye majirani wa namna hiyo. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17 aliyekuwa akifanya hisabati kwa mapenzi tu, ndiye aliyeitangaza sifa hiyo. Na kuna sadfa moja nitaitaja kwa furaha tu, haina uthibitisho wowote wa kihisabati: meli Ideal X ya Malcom McLean, iliyofungua zama za makontena, iling'oa nanga Newark, Marekani, ikiwa na makontena 58 tarehe 26 Aprili 1956. Tarehe 26 Aprili, siku ambayo miaka minane baadaye Tanganyika na Zanzibar ziliungana.

Ni herufi 26 za alfabeti ya Kilatini zilizofanya kazi yote hii. Kama waliotunga kanuni wangetumia alfabeti yetu ya Kiswahili, isiyo na Q wala X, herufi zingekuwa 24 na majina yangekuwa 13,824,000,000. Mchemraba bado ungekuwepo, wa 2,400, lakini ule uchawi wa Dudeney ungetoweka: 1 + 3 + 8 + 2 + 4 ni 18, na 18 siyo 24. Kwa mara ya kwanza maishani nimeishukuru Q.

Sasa turudi kwenye kiboksi. Tufanye zoezi kwa namba ya kubuni ya nyumbani: herufi MTWU, kisha 255023, yaani 255 ya simu za Tanzania na 023 ya simu za mezani za huku kwetu. Tarakimu ya kiboksini iwe ngapi?

Kanuni inazipa herufi thamani. A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea hadi Z ambayo ni 38, ila 11, 22 na 33 zinarukwa, kwa maana ni vigawe vya 11. Kwa hiyo M ni 24, T ni 31, W ni 35, U ni 32. Halafu kila nafasi ina uzito wake, na uzito unajirudufu kila unaposogea kulia: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Herufi zetu nne zinatoa 24, 62, 140 na 256, jumla 482. Tarakimu 2, 5, 5, 0, 2, 3 zinatoa 32, 160, 320, 0, 512 na 1,536, jumla 2,560. Zote pamoja 3,042. Gawanya kwa 11: inakwenda mara 276, inabaki 6. Hiyo 6 ndiyo ya kiboksini. MTWU 255023, kiboksi 6.

Karani mgeni akiandika 250523 kwa kubadilisha 5 na 0, jumla inakuwa 3,362 na baki ni 7. Ameumbuka. Akibadilisha ya kwanza na ya mwisho, akaandika 355022, jumla ni 2,546 na baki ni 5. Ameumbuka tena! Akikosea tarakimu moja tu, tofauti itakuwa namba kati ya 1 na 9 ikizidishwa kwa 2 mara kadhaa, na 11, kwa kuwa ni namba tasa, haiwezi kuigawa tofauti hiyo hata iweje. Baki lazima libadilike.

Lakini kwa nini hata mabadilishano ya tarakimu zilizo mbali yanakamatwa? Hapa ndipo nilipopiga meza. Zigawe zile nguvu za 2 kwa 11, uandike mabaki yake kwa mpangilio: 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6. Hesabuni vizuri. Kila namba kuanzia 1 hadi 10 imetokea, na imetokea mara moja tu! Nafasi kumi, mabaki kumi, na hakuna hata mbili zinazofanana, ndiyo maana hakuna nafasi mbili zinazoweza kubadilishana tarakimu tofauti bila hesabu kuhisi. Nguvu ya kumi na moja ingekuwa 1,024, na 1,024 ukiigawa kwa 11 inabaki 1, mzunguko umeanza upya. Nafasi ya kumi na moja ingekuwa pacha wa nafasi ya kwanza na ulinzi ungevuja. Kanuni imesimama pale pale panapopaswa, kwenye herufi nne na tarakimu sita, haijapungua wala kuzidi.

Nasema ukweli pia, maana uhakiki usio na kasoro ni tangazo. Kasoro ya kwanza: unapogawa kwa 11, baki linaweza kuwa 10, na kiboksi kina nafasi ya tarakimu moja. Kanuni inaandika 0. Matokeo yake, baki 10 na baki 0 zinavaa sare moja, na kosa linalotoka kwenye moja kwenda kwenye nyingine linapita bila kushikwa. Ushauri uliopo ni wenye makontena kuziepuka namba zenye baki 10. Nikataka kujua wanapoteza ngapi, na jibu likaniongezea wazimu. Milioni moja haigawanyiki kwa 11, lakini 999,999 inagawanyika: ni 11 × 90,909. Na kweli, katika namba milioni moja za mwenye kontena yeyote, kila baki kuanzia 0 hadi 10 linapata namba 90,909 sawasawa, isipokuwa baki moja tu linalopata 90,910. Mgawo wa haki kuliko huo hauwezekani! Kwa kampuni yetu ya kubuni ya MTWU, ile moja ya ziada imeangukia baki 2, kwa hiyo ikifuata ushauri inabaki na namba 909,091 za kutumia.

Kasoro ya pili iko kwenye herufi, na hii inaniuma zaidi. Kwa kuwa thamani zinaruka vigawe vya 11, mabaki ya herufi yanajirudia kila baada ya herufi kumi. A, K na U zina baki moja. B, L na V vilevile. Na C, M na W zote zina baki 2. Maana yake, M na W, herufi ambazo ukigeuza karatasi juu chini zinafanana, hesabu haiwezi kuzitofautisha. Piga WTMU 255023: jumla ni 3,009, baki 6. Sawasawa na MTWU! Kwenye tarakimu ulinzi ni imara sana, kwenye herufi una tundu. Karani anayenakili kwa mkono kwenye jua la saa saba mchana asome herufi zake mara mbili.

Je, kasoro hizo zinaishusha namba yetu? Hata kidogo. Kanuni hii ilipaswa kutosha kwenye vichwa vya watu, kwenye rangi ya mlango na kwenye karatasi, miaka ambayo hakuna aliyekuwa na kompyuta mfukoni. Mtu mwenye penseli anaweza kuikagua akiwa amesimama juani. Na bandari yenyewe, iliyozaliwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuanguka mwaka 1951, leo ina gati jipya la mita 300 na milango ya makontena imejipanga kuwasubiri wanaotaka kusoma.

Hukumu yangu ya mtazamo wa kwanza: kwa uzuri, 17,576,000,000 inapata alama zote. Mchemraba kamili, ngazi ya 9, 6, 3, ile 17,576 ya mbele ambayo ni Dudeney ya tano kati ya sita, na mlinzi wa tarakimu aliyekaa mahali pake. Sijui namba nyingine ya ukubwa huu inayofanya kazi ya kila siku huku imebeba sifa hizo zote.

Walimu wenzangu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma, msisubiri kitabu. Makontena yaliyogeuzwa maduka yako mitaani, mengi bado yana namba zake mlangoni. Mengine yanapita barabara ya Masasi juu ya malori kila msimu. Wapeni wanafunzi wa kidato cha kwanza penseli, wanakili herufi nne na tarakimu sita, wazidishe kwa 1, 2, 4, 8 hadi 512, wagawe kwa 11, kisha ndipo waangalie kiboksini. Wakikuta haijalingana, wakague herufi kwanza.